Mkanda wa Shangazi

Rasi ile haikuumbwa kwa ajili ya watu, wala haikujisingizia kwamba iliumbwa hivyo. Upande wa kijijini ilikuwa na lango la mbao na kibao cha onyo ambacho chumvi ilikwisha kula maandishi yake. Ukishavuka lango ni mawe meusi, upepo wa kukuvua mtandio, na magenge yaliyokatika wima mpaka baharini. Vichaka vyote vilikuwa vimelala upande mmoja. Wageni walidhani kuna mtu anayevikata. Hapana, ni upepo tu, mwaka nenda mwaka rudi. Chini kabisa mawimbi yaliingia mapangoni na kutoka, na ukisimama ukingoni ulisikia mwamba ukitetemeka nyayoni.

Wenyewe hasa wa rasi walikuwa ndege. Buabua walitaga kwenye vibaraza vya mwamba bila kujenga chochote, yai juu ya jiwe tupu, utadhani mama mtu hana akili timamu. Ndege wa mashimo walichimba kwenye udongo wa mteremko na kulificha yai lao ndani, urefu wa mkono wa mtu mzima, na jioni walipotoka baharini walilia kama watoto waliogombezwa. Kozi jike mmoja alimiliki jiwe refu kuliko yote, na kila asubuhi alijichukulia kodi yake kwa majirani. Shakwe ndio waliokuwa wahuni wa mtaa: wanaiba, wanatukana, na hawaoni haya.

Halafu kulikuwa na mbuzi. Walitoroka zamani kwa bwana mmoja aliyeona uvivu kujenga ua, wakageuka kuwa mbuzi mwitu, wakazaana hadi rasi nzima ikanuka beberu. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Mlinzi wa rasi alikuwa mwanamke wa makamo, miguu mikavu, maneno machache. Kazi yake ilikuwa kuizunguka rasi kila siku, kuangalia viota, kuwafukuza wachokozi, na kuwaeleza wakubwa wake wa idara ya wanyama yale aliyoyaona. Na kwa miaka aliwaeleza jambo lile lile: mbuzi wanatumaliza. Wanakanyaga mashimo yanabomoka na kinda ndani. Wanakula majani mpaka mzizi, mvua ikija inabeba udongo, mteremko unabaki jiwe. "Ama mbuzi, ama ndege," alisema kwenye kila mkutano, mpaka mkuu wake akawa anamtania kwamba siku hizi hiyo ndiyo salamu yake.

Sasa, adui huyo wa mbuzi alikuwa na binti. Jina la utani aliitwa Chiriku, kwa sababu ya mdomo. Mtoto yule alizungumza akila, akioga, hata usingizini alikuwa na la kusema. Siku moja alishuka kwenye pango dogo la magharibi, ambako alikatazwa kwenda, akarudi amekumbatia kitoto cha mbuzi, jike, kitovu hakijakauka. Mama yake mbuzi alikuwa ameanguka gengeni. "Mama, usiseme kitu," Chiriku alisema, na hakuacha mwanya wa mtu kusema kitu. Mlinzi akataka kutoa ile salamu yake ya mbuzi na ndege, lakini mumewe, fundi seremala, alikuwa keshainjika maziwa jikoni.

Wakamlea kwa chupa. Alipokua aliyafanya makao yake jikoni: anaingia bila hodi, anaonja kila sufuria, anawatazama watu kwa jicho la lawama, na haondoki mpaka apewe kitu. "Huyu si mbuzi," fundi alisema. "Huyu ni dada yangu mtupu." Ndipo akaitwa Shangazi. Dada mwenyewe alipopata habari alinuna msimu mzima.

Kila mchana Chiriku alipanda naye rasini, na mlinzi wa rasi, mkali kwa mbuzi wote wa dunia, akajitia hamnazo. Mtoto hakumfunga Shangazi kamba hata siku moja. Alimfundisha atangulie kwenye vijia vyembamba, kwa maana kwato zinajua jiwe lipi limekaa na lipi litateleza. Mbuzi mbele, mtoto nyuma, mdomo haufungwi. Ukiwa langoni uliwasikia mpaka wapinde nyuma ya jiwe la kozi.

Kisha Chiriku akaugua. Ilianza kama homa ya kawaida, ya kulala na kukandwa kwa kitambaa cha maji. Siku boti ya kumpeleka hospitali ya ng'ambo ilipopatikana, bahari ilikuwa imechafuka. Walivuka hivyo hivyo, mama amempakata, baba anakumba maji kwa kopo. Mtoto alirudi amefunikwa shuka.

Baada ya maziko nyumba ilinyamaza, ila kitu kimoja tu hakikunyamaza. Kila asubuhi Shangazi alisimama chini ya dirisha la mtoto na kulia. Alilia, akanyamaza kusikiliza, akalia tena. Mama mtu alipiga moyo konde, akavumilia, akaweka mto masikioni. Asubuhi moja akashindwa. Alitoka, akamshika pembe, akamkokota mpaka langoni, akamsukuma ndani ya rasi na kutia komeo. "Nenda kwa wenzako," akamwambia. Fundi alimwona kupitia dirisha la karakana. Aliweka randa chini, akatazama, kisha akaichukua tena na kuendelea na kazi.  Afadhali angemgombeza.

Tangu hapo mambo yao yakawa ya kupishana mlangoni. Hawakugombana, ugomvi unataka watu wawili wenye nguvu. Hata jina lilipotea. Zamani kila mtu alimwita mlinzi Mama Chiriku, na mumewe ndiye aliyelitamka kwa mbwembwe kuliko wote, akilipaza kutoka karakana mpaka jikoni. Sasa majirani walilikwepa. Wakamwita "dada" au "mlinzi," wengine walikohoa tu. Mumewe alimwita "wewe."

Katika hali hiyo ndipo idara, baada ya miaka yote ile ya kuziba masikio, ikakubali. Mbuzi wote wa rasi waondolewe. Mkuu alikuja kumpa habari akiwa na tabasamu la mtu aliyeleta zawadi, na pamoja naye alikuja mwindaji, kijana mpole mwenye bunduki ndefu na mifuko iliyojaa karanga.

"Nikuiteje?" mwindaji akamuuliza.

Sijui ni nini kilichompata mlinzi. Labda ni kwa kuwa mtu mwenyewe alikuwa mgeni, hana historia. "Niite Mama Chiriku," akasema.

"Haya, Mama Chiriku," yule kijana akasema, kwa wepesi kabisa, kama jina lolote lile.

Mwindaji alieleza kazi yake. Kuua mbuzi wengi ni rahisi, alisema. Wanaotesa ni wachache wanaobaki, wanaojificha magengeni. Kwa hiyo hutumia mbuzi wa chambo. Unamkamata mmoja, unamvisha mkanda wa rangi ya chungwa wenye kifaa cha redio, unamwachia. Mbuzi hawezi kukaa peke yake. Atawatafuta wenzake popote walipo, na redio itakuonyesha alipo yeye. Unawapiga wale wengine, yeye unamwacha. Atatafuta kundi jingine. Hivyo hivyo mpaka waishe. "Mimi kwenye darubini ya bunduki naangalia shingo tu," alisema. "Nikiona chungwa, sigusi. Nisipoona, napiga. Shida ni kumpata mbuzi anayekamatika."

 Siku zote zile Mama Chiriku alikuwa akijiambia atakwenda kumrudisha Shangazi kesho, na kesho ikawa haifiki. "Yuko mmoja," akasema. "Ni wangu. Lakini nataka kumchukua nyumbani."

Mkuu akakuna kidevu. "Dada yangu, si wewe mwenyewe uliyemwachia? Akiwa rasini ni mbuzi wa rasini. Nikikuruhusu wewe utoe mmoja, kesho kijiji kizima kitakuja na kamba."

"Basi awe chambo," akasema upesi, kabla hajapoteza ujasiri. "Mwenye mkanda si haguswi? Kazi ikiisha, mnipe."

Mkuu akamtazama mwindaji, mwindaji akatikisa kichwa kukubali. "Kazi ikiisha ni wako, Mama Chiriku. Nakuapia."

Jioni ile alimwambia mumewe. Fundi alikuwa anakula, akaacha kutafuna. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alimtazama mkewe usoni, akamtazama hasa. "Atarudi hapa?" akauliza. "Atarudi," akajibu. Fundi hakumaliza chakula. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba kupima kwa hatua mahali pa kujenga banda.

Kumkamata hakukuwa kazi. Mama Chiriku alisimama juu ya mteremko, akaita kama binti yake alivyokuwa akiita, "Shangazi! Shangazi wee!" kwa ile sauti ya kupanda mwishoni, na kutoka kwenye vichaka vilivyolala akaja mbuzi mnene, manyoya machafu, jicho lile lile la lawama. Alimpekua mifuko yote. Mwindaji akampa karanga, na wakati anatafuna akamfunga mkanda.

Sitawasimulia wiki zilizofuata kwa kirefu, maana hazina ladha. Shangazi alifanya kazi aliyoumbiwa kuifanya: alitafuta wenzake. Alilikuta kundi kwenye bonde, akasuguana nao pua, akaanza kula pamoja nao, na milio ikatoka upande wa pili wa korongo. Moshi ulipokwisha alibaki amesimama katikati yao. Akawanusa mmoja mmoja. Kisha akaondoka kwenda kutafuta wengine, akawapata, na mambo yakawa yale yale. Mwanzoni alilia. Baadaye aliacha kulia, akawa anatembea tu. Mama Chiriku aliyaona hayo yote kwa darubini yake ya kuangalia ndege, na kuna siku aliishusha darubini kabla milio haijatoka. Alimjua vizuri kiumbe yule. Alijua kuamka na kutembea, na kutembea tena, bila kujua unakwenda kwa nani.

Na rasi, haina huruma, ikaanza kupendeza. Majani yakachipua mahali palipokuwa jiwe. Buabua wakajazana vibarazani mpaka wakawa wanagombania nafasi. Kwenye mteremko mashimo mapya yalikuwa wazi, midomo yake misafi, na ukilala kifudifudi na kutega sikio ulisikia ndege ndani akiguna. Yote aliyokuwa akiyaomba kwa miaka yalikuwa yanatimia mbele ya macho yake. Alitamani mtu wa kumwonyesha, na aliyetaka kumwonyesha alikuwa mmoja tu.

Hatimaye akabaki beberu mmoja, mzee mwenye pembe za kuzunguka, aliyependa kukaa juu ya mwamba akiwatazama wote kwa dharau. Walimwita Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mjanja; aliingia kwenye magenge ya magharibi, Shangazi akamfuata, na redio ikawa inasema tu wako huko chini, mahali ambapo risasi haifiki. Mwindaji alijilaza juu ya tuta, ng'ambo ya korongo, akiwangoja wapande. Alingoja sana. Karanga zikamwishia.

Asubuhi moja Mama Chiriku aliondoka nyumbani nyundo ya fundi ikiwa inalia. Banda lilikuwa limebakiza mlango. Fundi alikuwa amelijenga kwa mbao nzuri alizokuwa akizitunza kwa ajili ya kabati la mtu, na kizingiti chake alikipiga randa mpaka kikang'aa, utadhani Shangazi ni mtu wa kutazama vizingiti. "Leo?" fundi akauliza bila kugeuka, misumari mdomoni. "Huenda leo," akamjibu.

Alishuka kwa kijia cha chini, kile ambacho mtu akiteleza haokotwi, kuangalia viota vya magharibi. Alipofika karibu na pango dogo alisikia shakwe wakipigana. Akachungulia. Kwenye mawe ya chini, ambapo maji yanapiga na kurudi, alilala Mwenyekiti, shingo imepinda, kaa tayari wamemzunguka. Jiwe lilimponyoka kwatoni. Mzee aliyezishinda bunduki wiki nzima aliangushwa na rasi yake mwenyewe.

 Ikamwingia Mama Chiriku akilini: yamekwisha. Hakuna mwingine. Kazi imeisha.

Shangazi alikuwa ndani ya pango lile lile alimookotwa. Alikuwa amelala, na alipomwona hakuinuka. Mkanda ulikuwa umemchubua. Chini ya ile rangi ya chungwa shingo ilikuwa nyama tupu na nzi wanatembea juu yake. "Maskini wee," Mama Chiriku akasema. "Maskini mama, wamekufanya nini. Tumekufanya nini." Alipiga magoti, akatoa kopo la mafuta ya kidonda, na ili apake ilibidi afungue mkanda. Akaufungua. Akautia ndani ya mkoba wake. Alimpaka mafuta taratibu, akimpulizia, na kwa mara ya kwanza tangu maziko akajikuta anazungumza, anazungumza bila kituo, kama mtu aliyepasukiwa na pipa la maji. Alimwambia habari za banda na kizingiti. Alimwomba radhi kwa asubuhi ile ya komeo. Akamwambia kwamba dirisha lile bado liko, asimame hapo alie kadiri anavyotaka, safari hii watalia wote.

Redio ndogo ya kuongelea na mwindaji alikuwa nayo kiunoni. Ndani ya pango haikushika, hata pale chini ya genge haikushika, na alijua hivyo. Nitamwambia kijana nikifika juu, aliwaza. Aliwaza hivyo tu, akasahau, kwa kuwa Shangazi alisimama, akajikung'uta, akaanza kumpekua mifuko.

Wakaanza kupanda. Hakumfunga kamba; ingekuwa aibu kumfunga. Kijia kilikuwa chembamba, na Shangazi akafanya kama alivyofundishwa. Alitangulia. Kwato zilichagua jiwe, na mama akaweka mguu palepale kwato zilipotoka, akihema, akizungumza, na jua lilikuwa limewaka juu ya buabua wote wale weupe. Nadhani alikuwa na furaha. Sitaki kusema uongo: alikuwa na furaha.

Shangazi alifika ukingoni kwanza. Alisimama juu, kifua mbele, akageuza kichwa kumwangalia aliyechelewa. Mama Chiriku alikuwa bado chini ya ukingo, mkono mmoja kwenye jiwe, anacheka.

Mlio ulitoka ng'ambo ya korongo. Ndege wote wa rasi waliruka kwa pamoja.

"Mama Chiriku!" Sauti ya kijana ilivuka upepo, imejaa furaha ya mtu aliyemaliza kazi ngumu. "Mama Chiriku, nimempata! Hana mkanda! Kumbe kulikuwa na jike mwingine! Redio inasema Shangazi wako yuko nyuma yake hapo, anakuja!"

Shangazi wake alikuwa ameanguka kwa magoti ya mbele, kama anavyofanya mbuzi anapotaka kulala. Mama Chiriku alitambaa mpaka alipo, akamshika kichwa. Mkobani kile kifaa kiliendelea kumwambia mwindaji kwamba mbuzi yuko salama.

Kijana alifika anakimbia, anatabasamu, karanga hana ila mikono yake ilikuwa imenyooka kumpongeza. Alimwona mbuzi. Aliiona shingo iliyopakwa mafuta. Mama Chiriku akautoa mkanda mkobani, akaulaza kwenye majani, na uso wa kijana ukabadilika polepole, tabasamu likiwa la mwisho kuondoka.

"Nilingoja chungwa," akasema. "Mama, mimi naangalia chungwa tu."

"Najua."

"Uliuvua kwa nini?"

"Ulikuwa unamuumiza."

Kijana aliketi chini, akajifunika uso kwa kofia. Ndege walianza kurudi, mmoja mmoja, kila mmoja kwenye jiwe lake.

Mama Chiriku alishuka peke yake mpaka langoni. Hapo akasikia nyundo. Fundi alikuwa bado anapigilia mlango wa banda, pigo tatu na kituo, pigo tatu na kituo, kama alivyozoea. Alitaka kufungua komeo akashindwa. Akaketi kwenye jiwe karibu na kile kibao kisichosomeka, mkanda mapajani, akailaumu mikono yake. Kumwokoa Shangazi kulihitaji yeye asifanye kitu. Asifanye kitu kwa muda mfupi tu, mpaka afike juu. Na yeye, aliyeshindwa kufanya lolote kwenye boti ile, asingeweza kuona kidonda akakiacha.

Maadamu nyundo ilikuwa inalia, kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye Shangazi alikuwa bado anarudi kwake. Akamwacha apige misumari yake. Aliiomba misumari isiishe.

Ikaisha. Alisikia mlango mpya ukifunguliwa na kufungwa, ukifunguliwa tena, mtu akiupima kama unaburuza. Kisha fundi akatoka uani, akakohoa, akaita kuelekea rasini kwa sauti iliyokuwa haijui vizuri pa kupandia: "Shangazi! Shangazi wee!"

Akanyamaza kusikiliza. Upepo tu. Lazima aliuona mtandio wake kati ya mbao za lango, kwa sababu alipoita tena alipaza sauti ile ya zamani, ya kutoka karakana mpaka jikoni.

"Mama Chiriku! Mmefika?"

Alisimama, akafungua komeo, akashuka kwenda kumwambia.